Mwanahabari hafunzwi ubaoni

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikipokea wanafunzi wa uanahabari wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya nyanjani, miezi mitatu mitatu. Wengi ni vijana werevu na wenye adabu. Nadharia wanazo. Lakini mwambie mmoja aende soko la Kongowea, arudi saa nane na taarifa ya dakika mbili kuhusu bei ya vitunguu, utamwona anababaika. Hajui aanze na nani. Akirudi, sauti aliyorekodi imejaa upepo na honi za tuktuk, na mchuuzi hakuulizwa hata jina.

Simlaumu kijana. Amekaa darasani miaka mitatu akiandika taarifa zinazosomwa na mtu mmoja tu, mwalimu wake, ambaye humpa alama kisha zikafungiwa kabatini. Taarifa kama hiyo haina wa kuikasirikia. Hakuna mama wa Likoni atakayepiga simu kusema, "Mwanangu, mbona hukuandika nilivyosema?" Na simu hiyo moja hufunza kuliko muhula mzima.

Ndiyo maana nataka vyuo vyetu vya Pwani viwe na vyombo vya habari vinavyoendeshwa na wanafunzi wenyewe. Si jambo geni nchini. Maseno wana Equator FM, Masinde Muliro wana MMUST FM, na Daystar wana Shine FM pamoja na gazeti lao la Involvement. Kwa majirani zetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina redio na televisheni za Mlimani. Mwanafunzi aliyezoea kusoma taarifa ya habari saa moja kamili, mkono ukimtetemeka, akija kwetu hatuanzi naye alifu kwa ujiti.

Kuwa na studio, hata hivyo, si kuwa na chombo cha habari. La kuuliza ni nani mwenye ufunguo. Kama kila taarifa hupita kwanza ofisi ya mkuu wa wanafunzi, hiyo ni idara ya uhusiano mwema, na watakaotoka humo watakuwa hodari wa kuripoti mahafali na ziara za wageni. Kazi hizo zipo, na zina mishahara, lakini hazijawahi kumwambia mwananchi fedha zake zimekwenda wapi.

Tazameni lililotokea Marekani. Gazeti la wanafunzi la Stanford limejitegemea tangu 1973. Mwishoni mwa 2022, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Theo Baker, alianza kuandika kuhusu dosari katika tafiti za rais wa chuo hicho, Marc Tessier-Lavigne. Bodi ikaitisha uchunguzi. Haukusema kwamba rais mwenyewe alighushi, lakini ulithibitisha dosari, na Julai 2023 akatangaza kujiuzulu. Simaanishi kila mwanafunzi amwondoe mkuu wa chuo chake! Namaanisha kijana yule alijifunza kusoma nyaraka, kuomba majibu kabla ya kuchapisha na kustahimili barua za mawakili, mambo ambayo huku kwetu mtu huyakuta akiwa kazini tayari, mara nyingi bila mtu wa kumwongoza.

Wakuu wa vyuo husema vijana watatukana watu. Hofu hiyo ina msingi. Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kukashifu mwaka 2017, lakini kesi ya madai bado inaweza kukufilisi, na sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018 ilitungwa na meno kwa anayechapisha uongo. Lakini ni wapi pazuri pa kuzijua sheria hizo kuliko chuoni, penye mhadhiri wa kushauri? Nimesema kushauri. Kupiga kalamu nyekundu taarifa isiyompendeza bwana mkubwa ni kitu kingine kabisa.

Wengine watalia fedha. Leseni na mitambo ya FM ni ghali, na masafa ya Mombasa yamejaa. Basi tusianzie FM. Simu mbili nzuri, vinasa sauti, kompyuta moja ya kuhariria na tovuti vinatosha kuanzia. Kilicho kigumu kupatikana ni ratiba: taarifa itoke kila Ijumaa, mtihani uwepo usiwepo.

Na habari zipo tele. Mfumo mpya wa kufadhili masomo ulipoanza 2023, kila hosteli ilikuwa na mtu aliyewekwa kundi lisilomfaa, na mzazi wa Ganze au Garsen hakuelewa karo imepandaje. Nani angeieleza vyema kuliko mwanafunzi anayeishi nayo, tena kwa Kiswahili ambacho mzazi huyo anakisikia? Hapo pia pana kazi. Vijana wetu wa Pwani, walezi wa lugha hii, huniletea Kiswahili cha kutafsiri neno kwa neno, kwa sababu darasani kila kitu kilikuwa Kiingereza.

Muhula mpya utafunguliwa na wanafunzi watatafuta nyumba za kupanga mitaani. Kodi zimepanda, na wenye nyumba wengine hudai amana kisha hawairudishi. Habari ya kwanza ya gazeti lao iko hapo, hatua chache kutoka lango la chuo, na chumba chetu cha habari hakina mtu wa kuifuatilia.