Wasia wa Wazee na Nasaba Tunazozificha

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukoo nao, ndugu wasomaji, ni vivyo hivyo. Tangu Katiba ya 2010 ilipoipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za zamani, wamo watu wa pwani yetu wanaofungua masanduku ya wazee wao na kubisha milango ya korti, wakitafuta jina la babu na mpaka wa shamba lake. Jambo hilo ni jema. Lakini atafutaye na awe tayari kukubali atakachokiona.

Aghalabu mtu akitaka kujua asili yake humwendea mzee wa mtaa, naye akamsomea silsila kutoka kichwani: fulani bin fulani bin fulani, mpaka bahari ivukwe na kufikiwa Hadhramaut au Oman. Silsila hiyo ina heshima yake. Upungufu wake ni kuwa mara nyingi ni ya wanaume watupu, tena wale waliopendeza kukumbukwa. Karatasi za kadhi hazichagui hivyo. Mtu akifa na mali, kadhi hakuuliza nani ana sifa, aliuliza nani ana haki.

Mimi nilisomea chuoni kabla ya kuwa mtu wa magazeti, na kidogo nilichokipata katika elimu ya mirathi kimenifaa sana katika kusoma hati hizi. Tuchukue mfano. Hati yasema mali imegawanywa, na wanawake wawili wamepewa thumni moja, nusu kwa nusu. Hapo hapo wajua kuwa marehemu aliacha wake wawili, na kuwa aliacha watoto, kwani lau hakuacha mtoto wala mjukuu wa kwa mwana wa kiume, fungu la wake lingekuwa robo. Silsila ya nyumbani ilimtaja mke mmoja tu. Huyo wa pili amekuwa wapi miaka yote hii?

Wasia nao una siri yake. Sheria yetu haimruhusu mtu kuusia zaidi ya thuluthi ya mali yake, wala hakuna wasia kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie. Basi ukiona katika wasia mtu ameachiwa minazi au chumba cha kukaa, dhana ya kwanza ni kuwa huyo hakuwa mrithi. Huenda ni mjukuu aliyezuiliwa na ami zake, au mtoto wa kulea. Na mara nyingi ni hadimu, yaani mtumwa aliyeachwa huru, mwenye jina kama Mabruki, Faraji au Feruzi.

Hapo ndipo wengi hufunga sanduku. Kwetu husemwa kuwa mwacha asili ni mtumwa. Je, ikiwa asili yenyewe imepitia utumwani? Suria aliyemzalia bwana wake hakurithi, lakini mtoto wake, bwana akimkubali, alikuwa huru na alirithi sawa na watoto wa mke. Ukimwona mtoto amechukua fungu kamili na mama yake hayumo katika orodha, huenda mama alikwisha kufa, huenda aliachwa, au huenda alikuwa suria. Usikate shauri kwa karatasi moja. Vile vile jina la "bin Abdalla" lisikudanganye, kwani mahadimu wengi waliitwa hivyo kwa kuwa baba zao hawakujulikana, na sote ni waja wa Mungu.

Haya si mambo ya fahari na aibu tu. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya, na mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Hati za Ardhi, iliyomtaka kila mwenye kudai shamba alete dai lake kwa msajili. Kisichodaiwa kikawa ardhi ya Serikali ya Kiingereza. Wenye hati na wenye kujua njia za ofisi walidai. Mahadimu waliokuwa wakilima vipande walivyoachiwa na mabwana zao, na Wamijikenda waliokuwa na mila bila karatasi, wengi wao hawakudai. Wajukuu wao ndio leo huitwa maskwota. Kwa hiyo wasia wa zamani unaomtaja Feruzi na minazi yake waweza kuwa ndio ushahidi pekee alionao kitukuu chake, na sanduku lenye wasia huo pengine limo mikononi mwa kitukuu cha bwana.

Korti za Kiingereza nazo zilihifadhi mengi kwa sababu ya ugomvi. Mwaka 1894 Baraza la Mfalme huko London lilikataa wakfu wa kizazi katika kesi iliyotoka Bengali, na baadaye hukumu hiyo ikatumiwa dhidi ya wakfu za Waislamu wa Kenya. Familia zikashtakiana. Kila upande ukaleta mashahidi waeleze nani mtoto wa nani, na karani akayaandika. Ila tusisahau kuwa mashahidi wa kesi ya mali husema linalowafaa, na kuwa aliyekufa bila mali hakuandikwa kabisa.

Nyingi za karatasi hizi ni kwa hati za Kiarabu, na vijana wanaoweza kuzisoma wanapungua. Mchwa hawangoji. Mwenye sanduku na amwite mwenye kusoma, zisomwe mbele ya jamaa wote, zinakiliwe na kupigwa picha, majina ya wanawake na ya mahadimu yasirukwe. Na kwa yule anayeona afadhali kuchana ukurasa mmoja ili ukoo ubaki safi, namkumbusha aya ya 181 ya Suratul Baqara: mwenye kuubadilisha wasia baada ya kuusikia, dhambi yake ni juu ya wanaoubadilisha. Sioni tofauti kubwa baina ya kuubadilisha na kuuficha.