"Jaribu tena baadaye" ni ushauri wa hasara

Simama kwa wakala yeyote sokoni Khwisero Ijumaa jioni. Utasikia maneno mawili kuliko mengine yote: "Imekataa" na "Netiwaki iko chini." La kwanza mara nyingi si kweli, kwa sababu malipo huenda yamepita na ni jibu tu halijafika. La pili huwa kweli siku moja moja. Lakini yanasemwa kila siku, na kwa vile yanasemwa kila siku, hakuna anayeenda kutafuta nini hasa kimeharibika.

Sisi tunaona hivi: mteja anayeripoti hitilafu vizuri anafanya kazi ambayo mhandisi aliyeketi Nairobi hawezi kuifanya peke yake. Na kampuni zote za malipo kwa simu, yetu ikiwemo, zina wajibu wa kuirahisisha kazi hiyo badala ya kumwambia mteja ajaribu tena baadaye.

Tuanze na ule uzito wenyewe. Nyuma ya kila akaunti ya pesa kwa simu kuna hifadhidata, yaani daftari moja kubwa linaloandikwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Kama umewahi kuwa kwa chama unajua shida yake. Katibu ni mmoja, kalamu ni moja, na wamama ishirini wanataka michango yao iandikwe sasa hivi. Kompyuta huandika haraka kuliko katibu yeyote, lakini sheria yake ni ile ile: ukibadilisha salio la mtu, mstari wake unafungwa kwanza, mwingine asiuguse mpaka umalize.

Mbona isiache kufunga, mambo yaende mbio? Chukua akaunti yenye shilingi 1,000. Maombi mawili ya kutoa 800 yanaingia pamoja. Bila kufuli, yote mawili yatasoma 1,000, yote yataona pesa inatosha, na zitatoka 1,600. Kufuli ndilo linalolinda pesa yako. Gharama yake ni foleni.

Kawaida foleni hiyo huioni. Ukimtumia shangazi 500 kule Mundoberwa, mistari inayoguswa ni wako na wake, na hakuna mwingine anayeng'ang'ania hapo. Sasa fikiria akaunti ya shule siku ya kufungua. Wazazi mamia wanalipa karo asubuhi moja, na wote wanataka kubadilisha salio moja. Au nambari ya mweka hazina wa matanga usiku wa kuamkia mazishi, wakati watoto wa boma walio Nairobi, Mombasa na Eldoret wanatuma mchango pamoja. Hapo mlango ni mmoja. Kwa hivyo ukiona shule imekwama lakini kwa shangazi imepita mara moja, netiwaki haina makosa. Hilo peke yake, likiandikwa kwa ripoti, linamwambia mhandisi aanze kutafuta wapi.

Kuna sababu nyingine pia. Mtu wa hesabu anaweza kuwa anachapisha ripoti ya mwezi mzima, programu inasoma daftari lote huku wateja wanalipa. Au daftari halina faharasa, kwa hivyo kutafuta jina moja ni kufungua kurasa zote kuanzia ya kwanza. Mambo kama haya hayaonekani kwa majaribio ya simu moja. Yanajitokeza watu wakiwa wengi. Ndiyo maana tunasema jibu la "kwangu inafanya kazi" halijibu kitu. Kwako inafanya kazi kwa sababu uko peke yako, bana.

M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, seva zake zilikuwa ng'ambo, hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Umbali ulipungua, lakini foleni kwenye mstari mmoja ni jambo jingine, haiishi kwa kusogeza seva karibu. Na Julai 2023 mfumo wa serikali wa eCitizen ulishambuliwa. Waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alieleza kwamba washambuliaji walijaribu kuuziba kwa kuutumia maombi mengi kupita kawaida. Kwa mtu aliyeshika simu Khwisero, shambulio kama hilo, foleni ya karo na mnara uliokosa stima vyote vinafanana. Ni kile kiduara kinazunguka tu.

Sasa ripoti yenyewe. Nyingi huja hivi: "Pesa yangu imepotea nisaidieni haraka!!!" Tunaelewa hasira, lakini hapo hakuna pa kushika. Linganisha na hii:

"Leo 07:42 nimelipa 3,000 kwa Paybill ya shule. Nimebonyeza menyu ya simu, si app. Baada ya PIN skrini imeandika 'Ombi lako linashughulikiwa'. Saa hii ni 08:10, sijapata meseji. Nimeangalia salio, limepungua 3,000. Saa 07:50 nilimtumia dadangu 100, ikapita. Jirani amelipa shule hiyo hiyo, naye anangoja. Sijalipa mara ya pili."

Hakuna neno la kompyuta hapo. Lakini tayari tunajua kwamba pesa imetoka upande mmoja, laini ni nzima, na tatizo ni la wengi, si la simu moja. Maneno ya skrini yameandikwa yalivyo, si "imeleta kitu flani". Ukipata meseji yenye nambari ya muamala, iweke pia. Herufi moja ikikosewa inatupeleka kwa muamala wa mtu mwingine.

Angalia pia saa ilivyoandikwa. Mtu wa kwetu akisema "saa moja na dakika arobaini" anamaanisha asubuhi, lakini kumbukumbu za mfumo zinasema 07:40. Aliyepokea simu akiandika 1:40, mhandisi atatafuta usiku wa manane na hatapata kitu. Andika saa kama simu yako inavyoionyesha.

PIN usimpe mtu, hata akisema yeye ni wa kampuni. Na ukilalamika hadharani mitandaoni, tegemea matapeli wenye nembo inayofanana na yetu kukujibu kabla yetu.

Kwa nini tunasisitiza usirudie? Mfikirie mama aliye hospitalini na mtoto mgonjwa. Kwa simu ana 3,200, anatakiwa alipe 3,000. Amelipa, hakuna meseji. Karani anamwambia, "Mama, kwetu haijafika, jaribu tena." Anakopa kwa simu, analipa tena. Baada ya nusu saa meseji mbili zinaingia pamoja. Sasa ana deni lenye riba, na 3,000 yake iko kwa akaunti ya hospitali inangoja barua na sahihi ndipo irudi. Programu haikuiba kitu. Aliyemgharimu ni yule aliyemwambia ajaribu tena.

Kabla ya kurudia, angalia salio au taarifa fupi ya akaunti. Meseji ni habari tu; daftari ndilo lenye ukweli. Kama pesa imetoka, simama hapo, mwonyeshe karani salio, piga huduma kwa wateja.

Wenye maduka ya kompyuta mbili tatu zinazotumia programu moja, yenu ni ile ile. Andikeni ni saa ngapi inakuwa nzito na kila mmoja alikuwa akifanya nini, hasa yule aliyekuwa akifunga hesabu.

Upande wa kampuni, tungependa ule ujumbe wa "jaribu tena baadaye" ufutwe kabisa, mahali pake pakae tatu zinazosema ukweli: "Ombi halijatufikia, pesa yako ipo." "Ombi liko kwa foleni, usilipe tena." "Pesa imetoka, tunasubiri upande wa pili." Mfumo unaojua ombi liko hatua gani hauna sababu ya kumficha mteja.

Halafu aliyeripoti ajibiwe. Wengi Khwisero wameacha kuripoti kwa sababu waliripoti mwaka jana, wakapewa nambari ya malalamiko, ikaisha hivyo. Meseji moja inatosha: "Ulituambia akaunti ya shule ilikwama Jumatatu 07:42. Ilikuwa foleni. Tumeirekebisha Jumatano."