Shakira Hatapita Shirimatunda, na Si Lazima Apite

Tarehe 11 Februari 2025 Shakira alianzia Rio de Janeiro ziara ya kuitangaza albamu yake ya Las Mujeres Ya No Lloran, iliyokuwa imetoka Machi 2024. Mwaka huo wote akawa anahama uwanja hadi uwanja: Brazil, Peru, Colombia, Chile, Argentina, Mexico, Marekani, Canada. Bad Bunny wa Puerto Rico naye akapanga ya kwake, kutoka Santo Domingo Novemba 2025 hadi Ulaya Julai 2026, akipitia Amerika ya Kusini, Australia na Japan. Ukizisoma ratiba hizo mbili kutoka juu hadi chini, hutakuta humo mji hata mmoja wa Afrika Mashariki.

Wapenzi wao lakini wapo. Kata ya Shirimatunda, hapa Manispaa ya Moshi, wapo vijana wanaoimba nyimbo za Kihispania neno kwa neno bila kujua maana ya neno hata moja, na hakuna didjei wa harusi asiye na Waka Waka ya Shakira kwenye kompyuta yake tangu Kombe la Dunia la 2010. Wimbo wenyewe una asili ya Kiafrika: kiitikio chake kilitoka kwenye Zangaléwa ya Golden Sounds wa Cameroon. Kwa hiyo swali linalozuka kila mara nyota mkubwa anapotangaza ziara, kwamba kwa nini sisi hatufikiwi, si swali la kijinga. Kinachonitia shaka ni jibu linaloanza kuzoeleka: kwamba serikali ichote fedha, imlete nyota, dunia ituone.

Kwanza tuondoe dhana kwamba muziki wa Kilatini ni mgeni huku. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za santuri za mfululizo wa GV zilisambaza son ya Cuba katika bandari na miji ya Afrika, na Kinshasa ikazitumia kujenga rumba yake. Morogoro mwaka 1948 Salum Abdallah alianzisha bendi akaiita La Paloma, baadaye ikawa Cuban Marimba, na hadi alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1965 alikuwa amewachezesha Watanganyika cha-cha-cha kwa Kiswahili safi. Hakuna promota aliyemleta mtu kutoka Havana. Zilikuja sahani, watu wakasikiliza, wakatengeneza chao.

Wanamuziki wenyewe walipokuja, walikuja wakiandamana na mradi wa dola, yaani wa dola kama taifa. Septemba 1974 Celia Cruz na Fania All Stars walipanda jukwaani Kinshasa katika tamasha la Zaire 74, pamoja na James Brown, B. B. King na Miriam Makeba. Tamasha lile lilipangwa liandamane na pambano la Muhammad Ali na George Foreman, ambalo Rais Mobutu aliliwekea fedha ili Zaire, yaani Kongo ya leo, ijulikane. Foreman akaumia juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi mwishoni mwa Oktoba, muziki ukapigwa bila ndondi. Picha zilizobaki ni za kupendeza mno. Lakini mtu anayetaka kujua nchi ilipata nini na akiangalie kilichofuata Zaire katika miaka ishirini iliyofuata, aniambie.

Rwanda ya leo imefanya jambo hilo kwa akili zaidi, nalo linastahili kupimwa kwa haki. Ilianza kwa kujenga. BK Arena ya Kigali, ukumbi wa watu 10,000, ulifunguliwa mwaka 2019. Kisha ikaingia mkataba wa miaka mitano na shirika la Global Citizen kuandaa Move Afrika, na tarehe 6 Desemba 2023 Kendrick Lamar akatumbuiza pale. Februari 2025 akaja John Legend. Lengo la Move Afrika lililotangazwa tangu mwanzo ni kuufanya mji mmoja uwe kituo katika mlolongo wa miji, ili msanii akishavuka bahari apate zaidi ya shoo moja, na mafundi wa nyumbani wapate kazi. Hilo ni wazo zuri, na John Legend kweli alitoka Kigali akaenda Lagos siku chache baadaye.

Lakini angalia jinsi kitu cha namna hiyo kinavyoyumba. John Legend alipanda jukwaani wakati waasi wa M23, ambao Rwanda inashutumiwa kuwaunga mkono, wameshaichukua miji ya Goma na Bukavu ya Kongo, lawama zikamwandama. Wiki chache kabla yake Tems wa Nigeria alikuwa amekwisha kufuta onyesho lake la Machi katika ukumbi huohuo kwa sababu ya vita vya Kongo. Mtu wa Goma aliyekuwa amejificha chini ya kitanda hakuhitaji kuelezwa kwamba tamasha la serikali ni siasa. Nchi ikimnunua nyota ili imtangaze, nyota naye huanza kupimwa kwa matendo ya nchi, na siku mambo yakiharibika anakimbia yeye, ukumbi unabaki na ankara. Bahati ya Kigali ni kwamba ukumbi unabaki vilevile na kazi: mpira wa kikapu wa ligi ya Afrika, BAL, unachezwa humo, mikutano inafanyika humo. Ndiyo maana nasema kilichoisaidia Rwanda ni jengo, Kendrick ni pambo.

Sasa turudi mlimani. Wanaodai nyota aletwe hutumia hoja ya mgeni njoo mwenyeji apone: hoteli zitajaa, mama lishe watauza, bodaboda watapiga trip hadi asubuhi. Yote kweli, kwa usiku mmoja. Hapa Kilimanjaro tunajua vizuri kuliko wengi jinsi fedha ya mgeni inavyogawanyika. Mtalii analipa maelfu ya dola kupanda hadi kilele cha Uhuru, na imechukua miaka ya kupigania posho, uzito wa mizigo na mahema ya kulala ili wagumu, wale wanaobeba kila kitu kichwani, wapate kinachoeleweka, na bado wapo wanaoshuka na manung'uniko. Ziara ya nyota wa dunia ina sura hiyohiyo. Jukwaa, taa, spika na mafundi wakuu huja na msanii, malipo yake huwekwa benki ya kwao kabla hajapanda ndege, na mwenyeji huachiwa ulinzi, usafi na kuuza maji ya chupa.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu ambalo mapromota wa Dar es Salaam huwa hawalioni. Moshi ina uchumi mkubwa wa muziki, ila hauko kwenye tiketi. Uko kwenye sherehe. Nenda ukumbi wowote wa harusi Jumamosi ya Desemba: MC, mitambo, bendi ya matarumbeta, mpiga picha wa droni, mpambaji. Ongeza kipaimara, ubarikio, send-off, kumaliza matanga. Vijana wanaojua kuunganisha spika na kuchanganya sauti katika mji huu wamejifunzia huko, na wanalipwa huko. Mtu wa Moshi hutoa mchango kwenye kamati bila kuulizwa mara mbili (naam, mara nyingine huulizwa hata mara tano), lakini mtu huyohuyo ukimwambia kiingilio cha tamasha ni nusu ya mchango wake wa harusi atakuuliza kama umerukwa na akili. Si ubahili. Kwenye harusi anajua atakula, atakaa, ataonekana na shoo itaanza. Kwenye tamasha la uwanjani ameshazoea kusimama kwenye vumbi hadi saa saba za usiku akimsubiri msanii atakayekuja kuimba nyimbo tatu juu ya CD.

Ziara za nyumbani ndizo zilizomfundisha hivyo. Fiesta ya redio ya Clouds, na kwa miaka kadhaa Kili Music Tour iliyodhaminiwa na bia yenye jina la mlima wetu, zilizunguka mikoani na Moshi zikafika. Zilifanya kazi kubwa, na Bongo Fleva isingeenea bila matamasha ya namna ile. Lakini zilikuwa ziara za mdhamini. Orodha ndefu ya wasanii, kila mmoja dakika chache, mabango ya bidhaa kila upande, kisha safari kwenda mkoa mwingine. Hakuna aliyekwenda kusikiliza albamu. Msanii mwenye albamu mpya alipaswa kutafuta mahali pengine pa kuizindua, na Diamond Platnumz alipotoa A Boy From Tandale Machi 2018 alikwenda kuizindulia Nairobi. Wapo waliomlaumu. Mimi nilimwelewa: Nairobi kuna waandishi wa kanda nzima, kampuni na kumbi.

Na yeye hakuwa wa kwanza kuifuata njia hiyo. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka bendi za Tanga wakaenda Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakavuka mpaka kwenda Kenya wakawa Simba Wanyika. Barabara ya Tanga kwenda Arusha inapita Moshi. Yaani mkondo mzima wa muziki wa dansi ulipita mlangoni kwetu ukielekea kwenye studio za Kenya, na hatukuwa na cha kuuzuia wala cha kuushikilia kwa wiki moja.

Hapo ndipo ninapoona mjadala unapaswa kukaa. Ziara ni safari ya malori. Shakira anaweza kuzunguka Amerika ya Kusini kwa sababu kati ya Lima, Bogotá na Santiago kuna viwanja vya kupokea jukwaa lilelile, na gharama ya kulivusha bahari inagawanywa kwa shoo nyingi. Shoo moja ya Dar es Salaam pekee haiwezi kubeba gharama hiyo bila mkono wa serikali. Shoo sita za kanda hii huenda zikaweza. Na kwa mara ya kwanza viwanja hivyo vinapatikana, kwa sababu ya mpira. AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Arusha, kilomita zipatazo 80 kutoka Shirimatunda, inajengewa uwanja wa watu 30,000. Nairobi inajenga Talanta wa watu 60,000. Uganda ina Namboole na uwanja mpya wa Hoima. Ongeza Benjamin Mkapa wa Dar, Amaan ya Zanzibar iliyokarabatiwa mwaka 2023 na Amahoro ya Kigali, watu 45,000, iliyofunguliwa upya Julai 2024. Huo ni mlolongo kamili. Kinachokosekana ni sheria za kuufanya mlolongo huo uwe njia.

Leo kila mpaka una kibali chake, ada yake na kodi yake. Tanzania humkata msanii asiye mkazi asilimia 15, Kenya asilimia 20. Viza ya pamoja ya utalii inayotumika Kenya, Uganda na Rwanda haiihusu Tanzania. Halafu kuna hofu ambayo haimo kwenye hesabu yoyote: uamuzi wa ghafla. Desemba 2018, Wasafi Festival ikiwa katikati ya mzunguko wake mikoani, Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliwafungia Diamond na Rayvanny kwa kuimba wimbo uitwao Mwanza jukwaani baada ya wimbo huo kupigwa marufuku. Unaweza kuuona wimbo ule wa aibu, na ukawa na haki. Lakini weka kando maadili, utazame kama mtu aliyekwisha kulipia malori, mafuta, hoteli na matangazo ya mikoa iliyobaki. Ziara nzima kusimama kwa barua moja ni hatari ambayo hakuna bima itakayoibeba, na promota wa Miami akiisikia habari hiyo hatakuuliza wimbo ulisemaje.

Nitapingwa kwamba nazungumzia viwanja vya Arusha wakati mtu wa Shirimatunda hana hata nauli ya kwenda huko. Sawa. Lakini Arusha ni saa mbili kwa basi, Dar ni kilomita zaidi ya 500, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama fundi mitambo wa hapa ataajiriwa kwenye shoo kubwa au ataitazama kwenye simu. Tena Moshi ina kitu ambacho promota yeyote angekilipia: hadhira inayojileta. Desemba Wachagga wanarudi nyumbani, “kuhesabiwa” kama utani usemavyo, wengi kiasi kwamba serikali iliporudisha treni ya abiria ya Dar hadi Moshi mwaka 2019, ilichagua mwezi huohuo. Mwishoni mwa Februari au mapema Machi maelfu ya wakimbiaji huja kwenye Kilimanjaro Marathon, wanaanzia na kumalizia uwanja wa Ushirika, na jioni wanatafuta pa kwenda.

Bad Bunny, kabla ya kwenda kuzunguka dunia, alikaa kwao San Juan majira ya joto ya 2025 akafanya maonyesho 31 ukumbi uleule, na yale tisa ya kwanza tiketi zikauzwa kwa wakazi wa Puerto Rico tu. Dunia ndiyo iliyopanda ndege kumfuata. Ziara ilikuja baadaye. Msanii wetu yupi amewahi kupewa nafasi ya kukaa Moshi wiki mbili za Desemba, ukumbi wenye viti, bendi kamili, albamu mpya ikipigwa laivu yote kuanzia wimbo wa kwanza? Wasanii wa kuijaza nafasi hiyo wapo. Kibali na ukumbi ndivyo havipo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Shilingi ya umma isitumike kumnunua Shakira, wala Bad Bunny, wala nyota mwingine yeyote wa dunia kuja kutuimbia usiku mmoja. Itumike kuhakikisha uwanja wa Arusha haufungwi kufuli baada ya AFCON, kwa kuweka mapema bei ya kukodi, sakafu ya kulinda nyasi na umeme wa kulitosha jukwaa. Serikali za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikubaliane kibali kimoja cha ziara, kodi inayofanana na utaratibu wa kupitisha vyombo mipakani, na kibali kikishatolewa kisifutwe katikati ya safari ila kwa amri ya mahakama. Na Baraza la Madiwani la Moshi, ambalo Shirimatunda ina diwani wake humo, halihitaji kumsubiri mtu: litenge uwanja wa Majengo au eneo jingine mbali na makazi, lichapishe ada na saa ya mwisho ya kupiga muziki, na lianze kupokea maombi ya Desemba ijayo.