KASORO UKIIJUA, ISEME



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita niliipeleka Hiace yangu gereji hapa Tabora. Ilikuwa inavuja oili upande wa mbele wa injini, na mimi kwa miezi nilikuwa nafuta na kuongeza nyingine. Nikamwambia fundi abadilishe sili ya krenki tu, maana Jumamosi ilikuwa iwapeleke vijana wa madrasa Sikonge.

Alipofungua kava akaniita. Mkanda wa taimingi ulikuwa umelowa oili, umepasukapasuka, meno mawili yameng'oka. Mkanda huu ndio unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Ukikatika gari likiwa mwendoni, katika injini ya dizeli kama yangu, pistoni hugonga valvu, na gari huzimika hapo hapo barabarani.

Nakiri mbele yenu, wazo langu la kwanza lilikuwa baya. Nilisema moyoni: huyu anataka kuniongezea gharama. Hakubishana nami, alinipa mkanda mkononi nijionee. Astaghfirullah! Mtu ananinasihi, mimi namdhania ulaghai.

Hesabu ilizidi uwezo wangu. Jamaa mmoja pale gereji akasema: "Shekhe, rudisha kava, lioshe, uza. Nani anafungua kava wakati wa kununua gari?"

Ndugu zangu, Imamu Muslim amepokea kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akabainisha kwamba anayeghushi si miongoni mwake. Angalieni: mvua haikuwa kosa la yule muuzaji. Kosa lake ni kuficha.

Wapo wanaosema: "Mimi namwambia mnunuzi achukue kama lilivyo, alete fundi wake." Rai yangu ni kwamba neno hilo halikuokoi ikiwa kasoro unaijua naye haioni. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya kununua, ana haki ya kurudisha. Je, atamrudishia nani, ikiwa mkanda umekatikia porini na ndani kuna watoto?

Wazee wetu wa Unyamwezi walibeba mizigo ya watu kwa miguu kati ya hapa na Bagamoyo. Mwenye mali hakufungua kila furushi njiani. Aliamini.

Basi fundi, ukiona, sema hata kama hukuulizwa. Mwenye gari, ukiambiwa, usikimbilie kumdhania vibaya, omba uoneshwe. Na muuzaji, bei ikishuka kwa ukweli, baraka haishuki.

Mimi nimekopa, mkanda umebadilishwa, safari ya vijana tumeisogeza wiki moja.

Allah atujaalie tuwe waaminifu katika yaonekanayo na yaliyofichika. Amin.

Wabillahi tawfiq.