Walikufa au Waliuawa?



Sisi makarani wa mgodi kazi yetu ni maneno na hesabu. Twajua neno moja katika daftari laweza kumnyima mtu posho yake: ukiandika "mgonjwa" atalipwa, ukiandika "mtoro" hapati kitu. Basi tusikilize vilevile habari za redio na magazeti, maana huko nako iko kalamu inayoandika mmoja mgonjwa na mwingine mtoro.

Tarehe 4 Januari 1959 watu wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, walikwenda kwenye mkutano wa ABAKO. Mkutano ulikuwa umekatazwa, watu wakakasirika, na askari wa Force Publique wakapiga risasi. Magazeti ya wakoloni yakaandika "fujo za Léopoldville". Ni kweli maduka yalivunjwa. Lakini watu walipigwa risasi, na neno fujo halimtaji mwenye bunduki. Leo siku hiyo ni sikukuu ya taifa, Siku ya Mashahidi wa Uhuru. Maiti ni wale wale.

Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya Mfalme Baudouin, Patrice Lumumba alikumbusha kwamba mtu mweusi aliambiwa "tu", wala si kwa urafiki, bali kwa sababu "vous" ya heshima iliwekewa wazungu. Wako walioona neno hilo ni dogo mno kwa siku kubwa kama ile. Mzee mwenye wajukuu aliyeitwa "boy" hakuliona dogo.

Kiswahili hakina "tu" na "vous", lakini kina njia zake. Mkubwa "amefariki", mchimbaji "amekufa". Meneja "ameeleza", wafanyakazi "wanadai". Shimo likiporomoka pande za Mongbwalu, waliofukiwa huitwa "wachimbaji haramu". Twaijua sheria ya migodi ya 2002: mchimbaji wa mkono awe na hati, achimbe mahali palipotengwa. Lakini zahabu ya Kilo wazungu waliichimba kwa jasho la babu zetu walioshurutishwa, na hatujasoma popote kwamba wale nao walikuwa haramu. Vitabu husema tu kwamba zahabu ile "ilivumbuliwa" 1903, kana kwamba nchi hii haikuwa na watu!

Tena kuna maneno yasiyo na mwenyewe. Ile vita yetu ya 1999 hadi 2003 tuliisikiaje? "Mapigano yamezuka." "Watu wamepoteza maisha." "Mzozo wa kikabila kati ya Wahema na Walendu." Je, mapigano huzuka kama uyoga baada ya mvua? Hatukatai kwamba jirani alimwua jirani, tulizika. Lakini tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ilitamka kwamba jeshi la Uganda lilikuwa limeikalia Ituri kwa nguvu, na tarehe 9 Februari 2022 ikaamuru Uganda ilipe dola milioni 325. Katika hizo, milioni 60 ni kwa mali ya nchi iliyoporwa, zahabu ikiwamo. Iko wapi zahabu katika "mzozo wa kikabila"? Liko wapi jeshi? Neno kabila lilitosha kufunika vyote viwili, na ulimwengu ukatuona kama watu waliopigana kwa kuzaliwa tu.

Watangazaji wa Bunia ni watoto wetu. Twajua kumtaja muuaji kwaweza kumletea mtangazaji kifo, wala hatumwombi ajitoe sadaka. Tunaomba hili: mtu akiuawa, semeni "ameuawa". Aliyemwua kama hajulikani, semeni hajulikani. Wafanyakazi wakisema jambo, semeni "wameeleza", kama mnavyosema kwa meneja. Nasi wasikilizaji, tukisikia tena "mapigano yamezuka", tupeleke swali redioni siku hiyo hiyo: nani ameyaanzisha, na silaha amepewa na nani?