Nyuki Ndani ya Spika

Tangu tuwaambie mrekodi wazee wenu, nilidhani maswali yatakuwa ya lugha: nimuulize nini bibi, nianzie wapi, vipi nikikwama katikati na Kiswahili changu cha kuungaunga. Wapi! Wengi mnauliza kitu kimoja tu: "Mbona kuna mvumo?" Ule mngurumo wa chinichini, kama nyuki wamejificha ndani ya spika, na mzee akinyamaza ndio unausikia zaidi. Haya, leo tuuzungumzie. Kazi yangu ya mchana ni uinjinia wa umeme, na kwa mara ya kwanza shahada yangu ina faida kwenye hii podikasti.

Anza kwa kuusikiliza mvumo wenyewe, maana unakwambia unatoka wapi. Umeme wa ukutani unakwenda mbele na kurudi nyuma. Hapa Uingereza, na Oman, Kenya na Tanzania pia, unafanya hivyo mara 50 kwa sekunde. Marekani ni mara 60. Ukifungua rekodi yako kwenye Audacity na kutazama grafu ya masafa, utaona kilima kwenye hezi 50, mara nyingi na kingine kwenye 100. Huyu wa 100 ana hadithi yake. Kifaa kinapogeuza umeme wa ukutani uwe wa aina ya betri, kila wimbi linatoa vilima viwili, na kapasita ndiyo inayotakiwa kuvisawazisha. Kapasita ikizeeka, vilima vinapita hadi kwenye spika. Ndiyo maana ile amplifaya ya zamani ya ami yako inavuma hata kama hujachomeka kitu kingine chochote. Hiyo mpelekee fundi, na usiifungue mwenyewe: kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Ila wengi wenu hamna amplifaya. Mna laptopu, maiki na chaja. Jaribio la kwanza halina gharama: chomoa chaja, usikilize. Mvumo ukikata, umeshampata mwizi. Chaja za siku hizi hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na ndani yake kuna kapasita ndogo inayovujisha mkondo kidogo sana kuelekea upande wa laptopu. Ushawahi kupitisha vidole juu ya laptopu ya chuma inayochajiwa ukahisi kamtetemo fulani hivi? Ndiyo hiyo. Kwa chaja ya kawaida nzima haina madhara kwako, lakini maiki inaisikia. Kwa hiyo jaza betri kabla mzee hajakaa, halafu rekodi bila chaja. Nusu ya barua zenu zinaishia hapo.

Nusu nyingine ni za wanaounganisha vifaa viwili: laptopu kwenye miksa ya ukumbi wa harusi, kwa mfano. Kila kimoja kina ethi yake kupitia plagi yake. Ukiviunganisha kwa waya wa sauti, ule wavu wa chuma unaouzunguka waya nao unaziunganisha ethi zile mbili. Umetengeneza duara, na mkondo mdogo unaanza kuzunguka humo. Mara nyingi unaleta milivolti chache tu, lakini sauti inayotoka kwenye laptopu kwenda kwenye miksa ni kama theluthi moja ya volti tu. Milivolti 3 za mvumo ni sehemu moja kwa mia ya hiyo, na sikio linazisikia bila shida.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwenye kila ukumbi kuna kaka mmoja anayejua dawa: "Kata ethi." Hapa Uingereza anafungua plagi na kuutoa waya wa kijani na njano, Marekani anavunja pini ya tatu. Na kweli mvumo unakata, ndiyo maana watu wanamwamini. Lakini ule waya haukuwekwa kwa ajili ya sauti. Waya wa moto ukilegea ndani ya kifaa na kugusa bodi ya chuma, ethi inaubeba mkondo wote, fyuzi inakatika, mchezo umeisha. Bila ethi fyuzi haikatiki. Bodi inakaa na umeme wake wa volti 230, na maiki iliyounganishwa nayo pia, mpaka aje mtu wa kuishika.

Sisemi kwa kutisha watu. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifia jukwaani Swansea baada ya kugusa maiki isiyokuwa na ethi salama. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa lililounganishwa na vifaa visivyokuwa na ethi sawasawa. Watu wa kazi, wanaoijua mitambo yao. Kwa hiyo ukimwona kaka wa ukumbini ana bisibisi na plagi mkononi, mwambie kwa heshima zote, hata kama ni mkubwa kwako: hapana, kaka, acha ethi.

Njia salama zipo, na si ghali. Chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja yenye ethi, duara linakuwa dogo. Mitambo ikiruhusu, tumia waya wa pini tatu, wa XLR: ndani yake nyaya mbili zinabeba sauti moja kwa kinyume, na miksa inachukua tofauti yake, basi kelele iliyoingia kwenye zote mbili kwa usawa inajifuta. Au nunua kiboksi cha DI chenye transfoma. Transfoma inapitisha sauti kwa sumaku, bila waya kugusana, na swichi yake ya kuachia ethi inakata ule wavu wa waya wa sauti tu. Ethi ya ukutani haiguswi.

Je, kama rekodi imeshafanyika? Msikilizaji mmoja alinitumia dakika 40 za babu yake akisimulia maisha ya majahazi. Mzee ameshafariki, hakuna kurudia. Mvumo ulikuwa 50, 100 na 150. Ule wa 50 niliukata wote, hapo babu hana kitu. Wa 100 niliupunguza kidogo tu, kwa sababu sauti ya mwanaume inaanzia maeneo hayohayo, na nilipoukata kabisa babu alisikika kama anaongea ndani ya simu. Mjukuu wake alichagua nakala yenye mvumo kidogo. Ningechagua hiyohiyo.

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi faili la asili pembeni. Na mkinitumia rekodi, andikeni ilirekodiwa nchi gani. Mwenzangu kwenye kipindi anarekodi Ohio, mimi Leicester: upande wake nasafisha kwa 60, wangu kwa 50. Nikichanganya nyimbo zetu mbili kwanza halafu ndio nisafishe, inabidi niitoboe sauti ya kila mmoja wetu kwa ajili ya mvumo wa mwenzake.