MAMBO YA NYUMBANI: Kitambaa cha Mfarishi wa Kwanza

Usiku wa mwezi wa Julai katika bonde la Subukia una baridi kali, na katika nyumba nyingi blanketi moja halitoshi. Mfarishi wa viraka, yaani vipande vya nguo vilivyoungwa pamoja na kutiwa kitu kizito katikati, ni kazi iwezayo kufanywa na mtu yeyote mwenye sindano, mkasi na subira. Lakini wengi huvunjika moyo kabla ya kuumaliza, kwa sababu walinunua vibaya. Mmoja huenda Nakuru na fedha za mahindi, akavutiwa na rangi za vitenge, akarudi na nguo zitakazokaa sandukuni huku karo ya mtoto imepungua. Mwingine huogopa gharama akanunua kidogo. Kazi ikifika nusu, nguo imekwisha. Akirudi dukani, jora lile limeuzwa lote, na nauli ameilipa mara mbili.

Kununua kidogo ni hatari kwa kitambaa cha chini, kwa maana hicho chapasa kuwa cha namna moja. Kwa vipande vya juu si hatari hata kidogo, kwa kuwa rangi ikikosekana nyingine hutiwa mahali pake, na pengine mfarishi ukapendeza zaidi.

Basi hesabu na ifanywe nyumbani, kwa penseli, kabla ya kupanda gari. Anayeanza na ashone mfarishi wa mtoto, wenye upana wa sentimeta 100 na urefu wa sentimeta 140. Akipenda viraka vya sentimeta 10 kila upande, atahitaji viraka 140. Kitenge kina upana wa sentimeta 115 hivi, na kingo zake zikiondolewa hubaki 110. Watu wengi hugawanya hapo hapo, wakaona kwamba kila mstari utatoa viraka 11, na kwamba sentimeta 130 za nguo zatosha. Wamesahau mshono. Kila kiraka hupoteza sentimeta moja kila upande, kwa hiyo hukatwa kwa sentimeta 12. Mstari hutoa viraka 9 tu, mistari yawa 16, na nguo inayotakiwa ni sentimeta 192. Upungufu huo wa zaidi ya nusu meta ndio unaowarudisha watu dukani.

Tena hapa pana faida ambayo wachache huitambua. Viraka vikiwa vikubwa, vya sentimeta 20, vitakatwa kwa 22. Vitano vitaenea katika upana wa kitenge, na mistari saba yatosha. Hiyo ni sentimeta 154 tu, na vipande vya kushona ni 35 badala ya 140. Vipande vidogo vyapendeza, lakini hula nguo na hula macho. Na viachwe kwa mfarishi wa tatu au wa nne.

Rangi nyingi nazo zina gharama yake. Mtu akitaka vitambaa vitano mbalimbali, kila kimoja kitoe viraka saba, itampasa kununua nusu meta ya kila kimoja, yaani meta mbili na nusu kwa jumla. Duka likikataa kukata kitenge, fundi cherehani wa sokoni huwa na vipande vilivyobaki, na nguo za mitumba zisizovalika zafaa vile vile, maadamu ni za pamba na hazijachakaa. Wanawake wa Kisidi huko Karnataka, India, ambao asili yao ni Afrika, hushona mifarishi yao iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu, wakianzia pembeni na kuelekea katikati. Hata mke wa karani mwenye mshahara asione haya kuanza na shati lililopasuka kiwiko.

Kwa upande wa chini, hakuna kitu kifaacho kwa mfarishi huu kama leso moja. Urefu wake ni sentimeta 150 hivi na upana 110, nayo hutosha bila kuungwa, na jina lake litabaki likisomeka mgongoni. Kwa kuwa leso huuzwa jozi, ya pili itavaliwa. Asiyetaka leso na anunue meta mbili za kitambaa kimoja: meta moja na nusu kwa mgongo, sentimeta 30 kwa utepe wa kuzungushia kingo, na zilizobaki ni za kufidia nguo itakaporudi majini. Pamba mpya hurudi, kwa hiyo kila kitambaa kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kupimwa. Katikati patiwe blanketi la zamani lililofuliwa, hata kama lina matundu.

Mfarishi wa kitanda cha watu wazima, wa sentimeta 180 kwa 220, huhitaji mapana mawili ya nguo yaliyoungwa kwa mgongo wake, kila moja la sentimeta 230. Pande zima la kitenge la yadi 6, ambalo ni karibu meta tano na nusu, litatosha mgongo huo pamoja na utepe wake, na kubakiza chini ya nusu meta.